Kurudia kazi ya Galileo kwa darubini ndogo: mwongozo kamili wa kuona, kuchora na kupima ushahidi kwamba sayari zinalizunguka Jua

Darubini ndogo yenye lenzi ya milimita 60 au 70, ile inayouzwa kama zawadi ya watoto, ni chombo bora kuliko kile alichokitumia Galileo Galilei mjini Padova mwishoni mwa 1609 na mwanzoni mwa 1610. Chake kilikuza mara 20 hivi, kioo chake kilikuwa na mapovu, na Mwezi mzima haukuenea kwenye uwanja wake wa kuonea. Ilibidi autazame kipande kwa kipande. Kwa hiyo karibu kila alichokiona yeye utakiona na wewe, tena kwa raha zaidi.

Ugumu uko kwingine: kujua kila ulichokiona kinathibitisha nini na kinaishia wapi. Vitabu vingi vya shule hupita hapo kwa sentensi moja, kwamba Galileo alithibitisha kuwa Dunia inalizunguka Jua. Hakuthibitisha. Darubini yake iliuangusha mfumo mmoja wa kale, ikauacha mwingine umesimama kwa zaidi ya miaka mia. Mwongozo huu unakupitisha kwenye kazi zenyewe hatua kwa hatua, na katika kila moja tutasema nani ameanguka na nani bado yupo.

Kwanza, daftari lenye safu tatu

Chukua daftari lisilo na mistari na nyuma yake uchore safu tatu: P, C na T.

P ni Ptolemy wa Aleksandria, karne ya 2. Dunia imetulia katikati. Kila sayari inazunguka kwenye kiduara kidogo, na kiduara hicho nacho kinazunguka Dunia. Kwa Zuhura kuna sharti maalumu: kitovu cha kiduara chake kiko daima upande uleule lilipo Jua, na kwa mpangilio uliozoeleka Zuhura yote iko chini ya Jua, yaani karibu nasi kuliko Jua.

C ni Copernicus, 1543. Jua katikati, Dunia ni sayari kama nyingine.

T ni Tycho Brahe wa Denmark, aliyechapisha mfumo wake 1588. Huyu ndiye anayesahaulika. Kwake sayari zote zinalizunguka Jua, lakini Jua pamoja na msafara wake wote linaizunguka Dunia iliyotulia. Ukimsahau Tycho utadhani kila pigo dhidi ya Ptolemy ni ushindi wa Copernicus.

Baada ya kila kazi weka alama: vema kwa mfumo unaokubaliana na ulichokiona, mkasi kwa usiokubaliana.

Darubini na maandalizi

Kinachotosha: lenzi ya mbele ya milimita 60 hadi 70, urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi inapokusanya mwanga) milimita 700, na lenzi mbili za jicho, ya milimita 20 na ya milimita 10. Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya: 700 kwa 20 ni mara 35; 700 kwa 10 ni mara 70. Maboksi yanayojisifu "mara 525" yapuuze. Kikomo cha manufaa ni kama mara mbili ya upana wa lenzi kwa milimita, kwa hiyo lenzi ya 60 inaishia mara 120. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Ile lenzi ya kuzidisha mara tatu inayokuja ndani ya boksi iache humo humo.

Kasoro kubwa ya darubini hizi ni miguu, si lenzi. Ukiigusa, sayari inatetemeka sekunde tano. Usiirefushe miguu yote. Keti kwenye kigoda, na kati ya miguu mitatu uning'inize mfuko wa mchanga wa kilo tatu au nne.

Darubini ndogo ya kutafutia, ile iliyopachikwa juu ya kubwa, irekebishe mchana. Elekeza darubini kubwa kwenye ncha ya mnara wa simu ulio mbali kilomita moja hivi, ukianza na lenzi ya jicho ya milimita 20, kisha ya 10. Ncha ikikaa katikati, zungusha skrubu za ile ndogo mpaka msalaba wake uguse ncha ileile. Asiyefanya hivi mchana hupoteza saa nzima ya usiku akitafuta Mshtarii iliyo mbele ya macho yake.

Itoe darubini nje nusu saa kabla, ili kioo kifikie joto la hewa. Usitazame kupitia dirisha, wala juu ya paa la mabati lililochomwa na jua mchana kutwa: joto linalopanda huifanya sayari icheze kama sarafu chini ya maji. Pwani adui ni umande. Zungushia mdomo wa darubini bomba la karatasi ngumu nyeusi lenye urefu wa sentimita 15, na lenzi ikipata ukungu iache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kanga utaikwaruza.

Jambo la mwisho ni pande. Darubini ya anga hupindua picha juu chini na kushoto kulia. Ikiwa na kioo cha kukunja mwanga kabla ya jicho, hubadilisha upande mmoja tu. Usijisumbue kukariri. Acha sayari isogee yenyewe bila kugusa chochote: upande inakotokea nje ni magharibi. Andika M upande huo wa mchoro kila usiku. Kwa ukuzaji wa mara 70 utasubiri chini ya dakika tatu.

Kama huna darubini

Nenda duka la miwani uombe lenzi mbili ambazo hazijakatwa kwa fremu: moja namba +1.00 na nyingine namba -10.00, zote bila silinda. Sharti la silinda lisisitize; lenzi yenye silinda itakupa nyota zilizovutwa kama vijiti na hutajua kwa nini. Ya +1.00 ina fokasi ya milimita 1,000, ya -10.00 ina milimita 100, na ukuzaji ni 1,000 kugawanya kwa 100, yaani mara 10. Umbali kati yake ni tofauti ya hizo mbili, milimita 900. Tumia mabomba mawili ya plastiki, moja likiteleza ndani ya jingine ili uweze kurekebisha fokasi, na ndani uyapake rangi nyeusi isiyong'aa.

Mbele ya lenzi kubwa weka duara la karatasi nyeusi lenye tundu la milimita 25. Ukiacha lenzi nzima wazi, kila kitu kitavaa pindo la zambarau na manjano na hakuna kitakachokaa sawa. Galileo naye alizifunika lenzi zake pembeni kwa sababu hiyohiyo. Uwanja wa kuonea utakuwa mwembamba kama wa kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Mashimo ya Mwezi utayaona. Miezi ya Mshtarii utaiona ukiiegemeza darubini kwenye ukuta. Awamu za Zuhura utaziona pale tu inapokuwa hilali kubwa.

Kazi ya kwanza: miezi ya Mshtarii

Mshtarii inakuwa mkabala na Jua, yaani Dunia ikiwa kati yake na Jua, kila baada ya miezi 13 hivi: Januari 10, 2026, kisha Februari 2027. Kwa miezi mitatu kabla na mitatu baada ya tarehe kama hiyo utaipata usiku kwa saa za kufaa.

1. Anza na mara 35. Rekebisha fokasi mpaka Mshtarii iwe duara lenye ukingo, si nyota yenye miale.
2. Tafuta nukta mbili, tatu au nne zilizojipanga karibu kwenye mstari mmoja unaopita katikati ya sayari. Kwetu karibu na ikweta mstari huo husimama wima au karibu na hapo wakati sayari inapochomoza na inapotua. Wasomaji wa vitabu vya Ulaya hushtuka, kwa kuwa michoro ya huko huulaza.
3. Chora duara la milimita 5. Hicho ndicho kipimo chako: kipenyo kimoja cha Mshtarii. Kadiria kila nukta iko vipenyo vingapi kutoka katikati, uiweke hapo.
4. Andika tarehe na saa hadi dakika. Rudia baada ya saa mbili usiku uleule, kisha kila usiku kwa wiki tatu.

Usipoandika saa, daftari lote halina thamani. Io, wa ndani kabisa, hukamilisha mzunguko kwa siku 1.77; ndani ya saa mbili huwa umeshasogea kiasi cha kuonekana. Europa huchukua siku 3.55, Ganymede 7.15 na Callisto 16.69.

Kosa la kawaida ni kuhesabu nyota ya mbali kama mwezi wa tano. Dawa yake ndiyo hoja yenyewe ya Galileo, na inafaa kuifuata kwa karibu. Januari 7, 1610 aliona nukta tatu, mbili mashariki ya Mshtarii na moja magharibi, akazichukulia kuwa nyota za kawaida. Kesho yake zote tatu zilikuwa magharibi. Kama zilikuwa nyota, basi Mshtarii ndiyo iliyosogea kuelekea mashariki, lakini jedwali za siku hizo zilisema inasogea magharibi. Januari 9 mawingu yakamnyima. Januari 10 akaona mbili tu, zote mashariki. Mshtarii haiwezi kwenda na kurudi namna hiyo. Kinachocheza ni zile nukta. Januari 13 akaona ya nne. Machi mwaka huohuo kitabu chake kikatoka Venice. Majina tunayoyatumia leo si yake. Yalichapishwa na Simon Marius mwaka 1614.

Ukishapata wiki tatu za michoro, tafuta Callisto kwanza. Ndiye anayekwenda mbali kuliko wote, vipenyo 13 hivi kila upande. Io havuki vipenyo 3. Sasa fanya hesabu moja: kwa kila mwezi, zidisha siku za mzunguko kwa zenyewe, kisha gawanya kwa umbali × umbali × umbali. Kwa vipimo sahihi, umbali ukiwa katika nusu-kipenyo (vipenyo ulivyokadiria mara mbili), Io ni 1.77 × 1.77 ÷ (5.9 × 5.9 × 5.9), yaani 0.015. Callisto ni 16.69 × 16.69 ÷ (26.3 × 26.3 × 26.3), tena 0.015. Kanuni hiyohiyo Johannes Kepler, mwanaastronomia Mjerumani, aliitangaza mwaka 1619 kwa sayari zinazolizunguka Jua. Michoro yako haitatoa usahihi huo, lakini ikikupa kati ya 0.012 na 0.019 kwa miezi yote minne, umefanya kazi nzuri.

Safu zinasemaje? Wapinzani wa Copernicus walikuwa na hoja nzito: Dunia ikikimbia angani, Mwezi utaifuataje bila kuachwa? Mshtarii kila mfumo ulikubali kuwa inatembea, na inatembea na miezi minne bila kumwacha hata mmoja. Hoja hiyo ikafa. Ikafa pia dai kwamba kila kitu angani kinazunguka kitovu kimoja. Hata hivyo hakuna mkasi wa kuweka: P angeweza kuongeza miezi minne kwenye mfumo wake akaendelea na maisha. Weka vema tatu.

Kazi ya pili: Zuhura, na hapa ndipo mkasi unapokata

Hii inahitaji miezi, si siku, na inataka uchore kabla ya kutazama. Penseli, bikari, rula na kipimapembe.

Mchoro wa C. Weka nukta D, Dunia, na sentimita 10 kutoka hapo nukta J, Jua. Zuhura haiachani na Jua zaidi ya nyuzi 46 hivi, kwa hiyo kutoka D chora mstari unaofanya nyuzi 46 na mstari wa DJ. Pima umbali mfupi kabisa kutoka J hadi mstari huo: sentimita 7.2. Hiyo ndiyo njia ya Zuhura. Chora duara lenye kitovu J na nusu-kipenyo 7.2. Zuhura ikiwa karibu kabisa nasi iko sentimita 2.8, ikiwa mbali kabisa iko 17.2. Gawanya: mara 6. Kisha kwenye duara weka vituo vinane, na kila kituo ukipake wino nusu iliyogeuka kutoka kwa Jua. Simama kwenye D uangalie: ikiwa ng'ambo ya Jua ni duara kamili na ndogo, ikifika kwenye ule mstari wa nyuzi 46 ni nusu, ikija upande wetu ni hilali nyembamba na kubwa.

Mchoro wa P. D na J vilevile, sentimita 10. Katikati yake, sentimita 5 kutoka D, chora duara la nusu-kipenyo 3.6. Pembe kubwa kabisa kutoka kwa Jua ni ileile, nyuzi 46. Umbali wa karibu ni 1.4, wa mbali 8.6, gawanya, mara 6 vilevile! Hapa wengi hukosea wakidhani kubadilika kwa ukubwa peke yake kunampinga Ptolemy. Hata chembe. Sasa paka wino. Kila kituo kwenye duara hili kiko upande wetu wa Jua, kwa hiyo nusu yenye mwanga imetupa mgongo. Utaona hilali tu, na haitafikia nusu hata siku moja.

Tofauti ni hiyo tu, na ni kubwa: je, Zuhura huwa zaidi ya nusu ikiwa ndogo?

Mzunguko wa 2026 ni mfano mzuri wa ratiba. Januari 6 Zuhura ilikuwa nyuma ya Jua. Inapanda angani jioni polepole, katikati ya Agosti inafika mwisho wa pembe yake na kuwa nusu, kisha ndani ya siku 70 tu inashuka mpaka kupita kati yetu na Jua Oktoba 24. Baada ya hapo inahamia alfajiri. Zamu nzima hurudi kila siku 584 hivi. Zingatia mwendo usiolingana: miezi saba ya mabadiliko madogo, kisha wiki kumi za mbio. Anayeanza Septemba ataona hilali, atafurahi, na atakuwa amekosa ile nusu ya ushahidi yenye uzito, kwa maana hilali hata P anaitaka.

1. Subiri Jua lizame lote, bila kubaki hata ukingo. Kuzungusha darubini karibu na Jua lililo angani ni kutafuta upofu.
2. Tazama mara tu baada ya magharibi, anga ikiwa bado na weupe. Giza likishaingia, Zuhura inawaka mno, miale inaimeza na awamu haionekani. Kwetu giza huingia haraka. Una kama dakika 25.
3. Tumia mara 70. Zuhura ikiwa nusu ina upana wa sekunde 25 za pembe (nyuzi moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60), kwa hiyo kwa ukuzaji huo inaonekana na ukubwa wa Mwezi utazamwao kwa macho matupu. Ikiwa mbali kabisa ni sekunde 10 tu, na hapo utaona pipi ndogo nyeupe isiyo na sura. Hilo ndilo jibu lenyewe, liandike.
4. Mwanga ukizidi, funika mdomo wa darubini kwa kadi yenye tundu la milimita 40.
5. Rudia kila wiki mbili, na kila siku nne kuanzia Zuhura ipungue chini ya nusu.

Kupima ukubwa, shikiza simu kwenye lenzi ileile ya jicho, ukuzaji wa kamera uleule siku zote, upige picha huku umepunguza mwanga mpaka ukingo uwe mkali. Hesabu pikseli kutoka ncha hadi ncha ya hilali. Huhitaji sekunde za pembe. Uwiano kati ya tarehe na tarehe unatosha. Ukitaka kipimo halisi, piga Mwezi kwa mpangilio huohuo: kasoko iitwayo Copernicus ina upana wa kilomita 93, yaani sekunde 50 hivi kwa kuitazama kutoka hapa. Zuhura hufikia ukubwa huo kama wiki tatu kabla ya kupita mbele ya Jua.

Tahadhari ya pande: wanaotafuta mwandamo kwa macho wanajua kwamba tumbo la hilali huelekea lilikozama Jua, na kwetu hulala chali kama dau. Kwenye darubini dau litapinduka. Usidhani umegundua jambo.

Galileo aliifuata Zuhura tangu vuli ya 1610. Desemba 11 mwaka huo alituma Prague fumbo la herufi zilizovurugwa, na tarehe 1 Januari 1611 akalifumbua: mama wa mapenzi anaiga sura za Cynthia, yaani Zuhura ina awamu kama Mwezi. Wanahisabati wa Kijesuti wa Collegio Romano mjini Roma walitazama wenyewe na mwaka 1611 wakakubali kwamba awamu zipo. Fumbo jingine la zamani nalo likafunguka. Dibaji ya kitabu cha Copernicus, iliyoandikwa na Andreas Osiander bila kutia jina lake, ilidai kwamba kama Zuhura kweli inatukaribia na kutuacha kiasi hicho, ingepaswa kupanuka kwa kipenyo zaidi ya mara nne, na macho hayaoni hivyo. Macho hayaoni kwa sababu inapokaribia inakuwa hilali: kinachoongezwa na ukaribu kinapunguzwa na awamu.

Mkasi kwa P. Vema kwa C. Na T? Chukua mchoro wako wa C, uubane mezani kwa pini kwenye J uuzungushe. Kisha toa pini, uibane kwenye D uuzungushe tena. Umbali, pembe na awamu hazikubadilika hata kidogo. Hiyo ni T. Vema.

Kazi ya tatu: madoa ya Jua

Usitazame Jua kupitia darubini, wala kupitia ile ndogo ya kutafutia, hata kwa nukta moja ya saa. Kile kichujio cheusi kidogo kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho kitupe. Hupata moto na kupasuka ukiwa umeweka jicho. Ifunike darubini ya kutafutia kwa kifuniko na utepe. Njia salama ni kurusha picha kwenye karatasi, na ndiyo aliyoitumia Galileo baada ya kuelekezwa na mwanafunzi wake Benedetto Castelli.

Funika lenzi ya mbele ibaki wazi milimita 40. Tumia lenzi ya jicho ya bei rahisi ya milimita 20, isiyo ya plastiki na isiyo ya vioo vilivyogandishwa kwa gundi, maana gundi huharibika kwa joto. Lenga kwa kivuli: geuza darubini mpaka kivuli chake chini kiwe kifupi kabisa. Weka karatasi nyeupe sentimita 33 nyuma ya lenzi ya jicho, na Jua litatua hapo likiwa na upana wa sentimita 10. Chora duara la sentimita 10 mapema ulipachike humo, kisha tia nukta kwenye kila doa. Dakika mbili, halafu geuza darubini ipoe. Mtoto asiachwe peke yake nayo hata unapokwenda kuchukua penseli.

Ukichora siku 14 mfululizo utaona doa likivuka uso wa Jua, likienda taratibu na kuwa jembamba karibu na ukingo, pana na la haraka katikati. Wembamba huo ndio uliokuwa ugomvi kati ya Galileo na Christoph Scheiner, aliyetaka madoa yawe sayari ndogo zinazopita mbele ya Jua ili Jua lenyewe libaki safi. Sayari ingebaki duara hata ukingoni. Doa linalojibana ukingoni limelala juu ya uso. Basi Jua linajizungusha, mara moja kwa siku 27 hivi likitazamwa kutoka hapa, na lina mawaa. Hilo liliwaumiza wafuasi wa Aristotle, walioshika kwamba vya angani havina kasoro, kuliko Ptolemy.

Ukiwa na subira ya mwaka, linganisha njia za madoa. Mwanzoni mwa Juni na Desemba hupita kwa mstari ulionyooka. Machi na Septemba hupinda kama upinde. Mwaka 1632 Galileo aliutumia upinde huo kama hoja kwamba sisi ndio tunaotembea. Ni hoja ya akili, lakini aliyeng'ang'ana angeweza kumpa Jua mtikisiko wa ziada na kuiepuka. Vema tatu, ya P ukiitia kwa mkono mzito.

Karatasi hiyohiyo ihifadhi kwa ajili ya Novemba 13, 2032, Utaridi itakapopita mbele ya Jua asubuhi hadi mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Kwenye Jua la sentimita 10 itakuwa nukta ya nusu milimita. Pierre Gassendi aliiona hivyo mjini Paris Novemba 7, 1631, akiongozwa na hesabu za Kepler, na mwanzoni alidhani ni doa kwa udogo wake.

Mwezi na nyota, kwa kifupi

Mwezi utazame siku ya sita hadi ya tisa tangu mwandamo, pale mstari wa giza unapokata katikati. Usingoje mwezi mpevu, hauna vivuli. Upande wa giza utaona nukta zinazowaka: ni vilele vilivyokwisha kupata jua huku mabonde yakingoja. Galileo alipima nukta moja iliyo mbali na mstari kwa sehemu moja ya ishirini ya kipenyo cha Mwezi. Hiyo ni kilomita 174. Kwa pembetatu ya Pythagoras, mlima unaoguswa na jua kwa umbali huo una urefu wa karibu kilomita 8.7. Mwezi una milima, kwa hiyo ni udongo kama hapa, na Dunia si kitu cha aina ya peke yake. Hakuna safu inayobadilika.

Kisha elekeza kwenye Kilimia. Macho hutoa nyota sita au saba. Galileo alichora zaidi ya 30. Lakini linalohusika hapa ni kwamba nyota zinaongezeka na hazikui. Tycho alikuwa ameshika hoja kali: Dunia ikizunguka, nyota zingepaswa kuyumba mahali pake kila mwaka, hazionekani kuyumba, kwa hiyo ama imetulia, ama nyota ziko mbali mno, na kwa upana alioukadiria kwa macho zingekuwa majitu yasiyowezekana. Darubini ilionyesha kwamba upana ule kwa sehemu kubwa ulikuwa miale tu.

Safu ya T ilifutwaje

Hesabu alama zako: P ana mkasi, C na T wana vema mtupu. Ndivyo wasomi wengi walivyokaa baada ya 1611, na haikuwa ukaidi. Giovanni Battista Riccioli mwaka 1651 aliorodhesha hoja 49 za kuitembeza Dunia na 77 za kuituliza, akachagua mfumo uliofanana na wa Tycho. Kilichommaliza T taratibu kilikuwa hesabu: jedwali za Kepler za 1627 zilitabiri vizuri kuliko zote, na baada ya Newton kueleza nguvu ya mvutano, mwaka 1687, Jua zito kuizunguka Dunia nyepesi kukawa hakuna maana.

Kwa darubini yenyewe, mkasi ulikuja 1729. James Bradley, Mwingereza aliyekuwa akitafuta kuyumba kwa nyota, alichapisha kwamba nyota zinahama na kurudi kila mwaka, hadi sekunde 20 za pembe kutoka mahali pake, kila moja kuelekea upande Dunia inakokwenda, kama mvua inavyoonekana kuja mbele kwa anayekimbia. Kuyumba kule alikokutaka Tycho kulipimwa na Friedrich Bessel mwaka 1838 kwa nyota 61 Cygni: sekunde 0.31. Usiitafute kwa darubini yako. Lenzi ya milimita 60, usiku ukiwa mtulivu, haitenganishi vitu vilivyo karibu zaidi ya sekunde 2.